Habu ya Kushoto

Mume wangu alipoamua kulifanyia gari letu upasuaji, hakuniuliza. Aliniambia tu asubuhi moja, huku akipaka siagi kwenye mkate, kwamba nifungashe nguo za siku tatu, tunakwenda Mbalizi. Yeye ni mtu wa Mbeya na mimi ni mtu wa Iringa. Kwa miaka yote tuliyoishi hapa Mlandege, Mbalizi kwangu ilimaanisha ndugu zake, kwa hiyo nikanunua sukari na sabuni za kuwapelekea. Tulipofika, hakukunja kona ya kwa ndugu. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi magari, rafiki yake wa tangu shule, akazima injini na kuniambia, "Mwalimu, tumefika."

Ananiita mwalimu kwa sababu nimefundisha darasa la tatu maisha yangu yote ya kazi. Mimi namwita bwana shamba, kwa sababu ndicho alichokuwa kabla ya kustaafu. Gari lile la kijani alilinunua enzi hizo za kuzunguka vijijini, na tangu hapo amelipenda kuliko busara inavyoruhusu. Mimi sikulipenda. Ngazi yake iko juu, viti vyake vinanuka mbolea, na kila nikishuka kanisani kitenge kinanipanda mpaka magotini mbele ya wazee wa usharika. Nilitaka tuliuze tununue gari dogo, la mtu kuingia na kutoka kwa heshima. Mnunuzi alikuwepo, bwana mmoja wa Mafinga, alishakuja mara mbili kuliangalia. Mara zote mbili mume wangu alimkaribisha chai, akamsindikiza hadi getini, akarudi kulifuta vumbi.

Kilichompeleka Mbalizi ni hiki. Gari lile lilitoka kiwandani likivuta kwa magurudumu yote manne, muda wote. Shambani linavuta kwa manne, kwenye lami kavu linavuta kwa manne, hata likienda kununua mkate linavuta kwa manne. Kwa hiyo lilikunywa mafuta bila huruma, na kule chini vyuma vilivyochoka kwa kuzunguka bila likizo vilikuwa vikilalamika njia nzima. Fundi alisema lipo jambo la kufanya. Atafungua lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, atabadilisha vyuma vya ndani, kisha kwenye magurudumu ya mbele ataweka habu, yaani vitovu vya gurudumu, za kufunga kwa mkono. Siku za kawaida gari litasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ya mbele yakifuata kimya kimya. Kukiwa na tope, mtu anashuka, anafunga habu, na gari linarudia nguvu zake zote.

Nilikaa pale siku mbili kwenye benchi nikifuma sweta, maana baridi ya Mbalizi haina utani. Siku ya pili jioni fundi aliniita.

"Mama, njoo uone. Hii ukiizungusha hivi imefunga. Ukirudisha hivi iko huru. Unaona?"

"Naona. Lakini mwenye gari si huyo hapo?"

Wote wawili walilitazama goti la mume wangu. Goti lake la kulia liliacha kuchuchumaa zamani, na habu ziko katikati ya gurudumu, chini kabisa. Ndipo nilipoelewa kwa nini nilipelekwa Mbalizi.

"Halafu mama, zote mbili," fundi akaendelea. "Kulia na kushoto. Ukifunga moja tu, nguvu yote inakimbilia upande ulio wazi, inazunguka bure. Ni sawa hujafunga kitu."

"Nimeelewa. Nimefundisha watoto miaka mingi, siwezi kushindwa kuhesabu mpaka mbili."

Mume wangu akaniomba rangi yangu ya kucha, ile nyekundu ninayopaka siku za harusi tu, akanielekeza niweke nukta kwenye kila habu. Nukta ikikaa kwenye alama aliyoichonga fundi, imefungwa. Niliipaka nikiwa nimenuna. Nilipomaliza nikamwambia mbele ya fundi kwamba sasa amelivuruga gari ambalo angalau lilikuwa zima, na kwamba tutalala porini mvua ya kwanza. Hapo na yeye akapandisha hasira.

"Sikiliza, mwalimu. Likikwama mvua hizi, hata mara moja, nampigia yule mtu wa Mafinga. Fundi, wewe shahidi."

Yeye si mtu wa kuapa ovyo. Nilijua atatimiza, na siwezi kusema uongo, nilifurahi. Niliiomba mvua ije.

Tulirudi Iringa gari likiwa limetulia mpaka nikasikia sindano zangu za kufumia zikigongana. Mume wangu aliimba kuanzia Chimala hadi Makambako. Aliniuliza kama nasikia tofauti, nikasema sisikii kitu. Nilisikia vizuri sana, ila niliuchuna.

Mvua ilikuja, na Pasaka ikakaribia. Mama yangu anaishi ng'ambo ya Kalenga, unaiacha barabara kubwa halafu unashuka bonde lenye udongo mwekundu unaonata. Kila mwaka tunamfuata aje ale sikukuu na sisi. Tuliondoka mchana, wingu likiwa limeshuka. Tulipofika juu ya lile bonde, mume wangu alisimamisha gari, akaitazama njia chini, akanitazama mimi.

"Haya, mwalimu. Darasa limeanza."

Nilishuka. Habu ya kulia niliifunga vizuri, nukta kwenye alama. Nikazunguka mbele ya gari, nikachuchumaa upande wa kushoto, na mkono wangu ulikuwa umeshashika habu niliposikia nyuma yangu salamu ya Kihehe, "Kamwene."

Alikuwa bibi mmoja jirani wa mama, ndoo ya ulanzi, pombe ya mianzi, kichwani. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Kwetu huwezi kumjibu mtu kama yule ukiwa umechuchumaa umempa mgongo, umeshika chuma. Nilisimama. Mikono yangu ilikuwa na grisi na tope, nikampa kifundo cha mkono, yeye akakishika kwa mikono yote miwili baada ya kuitua ndoo, nami nikapiga goti. Akauliza habari za nyumbani, nikamjibu. Akauliza za watoto, mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nikauliza za mahindi, za kifua chake, za binti yake aliyeolewa Ilula. Mume wangu naye akavua kofia, akatoa kichwa dirishani akamwamkia kama mkwe anavyopaswa, salamu zikaanza upya kwa upande wake. Honi hakupiga, na ningeshangaa kama angepiga.

Tulipofika kwenye habari za mchungaji, matone makubwa yakaanza. Bibi akacheka, nikamtwisha ndoo yake, akashika njia ya mkato. Mimi nikakimbilia mlango.

"Umefunga?" akauliza mume wangu.

"Nimefunga."

Akavuta mkono mdogo wa gia, tukashuka. Kuteremka kulikwenda vizuri. Chini kabisa, pale maji yanapokatiza njia, gari likasita, matairi ya nyuma yakaanza kuzunguka na kuchimba. Akarudi nyuma kidogo, akasogea mbele kidogo. Tukazidi kuzama. Mara ya nne alizima injini. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari kwa nguvu.

"Ya mbele hayavuti," akasema.

Nilikuwa natazama vidole vyangu vyenye tope, nikijaribu kukumbuka nukta ya kushoto ikiwa kwenye alama. Ile ya kulia niliiona waziwazi kichwani. Ya kushoto sikuiona. Nilichokiona ni ndoo ya ulanzi.

"Ungeniuliza tena kama nimefunga," nikasema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini nikuulize mara mbili? Ukisema umefunga, umefunga."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akaipapasa taratibu, akasema bila kunitazama, "Pole, mwalimu. Nimekusumbua na gari hili miaka mingi. Ulisema kweli. Kesho nampigia yule bwana."

Maneno yale, "ulisema kweli", niliyasubiri ndoa nzima. Nilikuwa nimeshachagua mpaka rangi ya hilo gari dogo. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Vijana wangetokea na majembe, wangetusukuma, tungekwenda kwa mama, na kesho yake angempigia simu mtu wa Mafinga. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa na wazo hilo kwa muda, sitaficha. Halafu nikamwona anafuta kioo cha saa za dashibodi kwa mkono wa shati, kile ambacho hukifuta kila asubuhi, na moyo ukaniuma kwelikweli.

Nikavua viatu, nikafungua mlango.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kaa hapo hapo."

Tope lilinifika juu ya kifundo cha mguu. Gurudumu la kushoto lilikuwa limezama nusu, ikabidi niingize mkono na kufukua mpaka niipate habu. Nukta yangu ilikuwa kando ya alama, imetulia, nyekundu vilevile. Niliizungusha, ikagoma kwa sababu ya tope, nikaizungusha tena kwa mikono miwili huku nikiisema kwa maneno ambayo sikuwahi kuyatumia darasani, mpaka nukta ikakaa kwenye alama.

"Washa," nikapaza sauti.

Gari lilitikisika, magurudumu ya mbele yakashika udongo, na lile gari likatoka kwenye shimo polepole, bila haraka, likapanda upande wa pili likaenda kusimama kwenye nyasi. Nililifuata kwa miguu, peku, kitenge kimenigandia. Nilipofika dirishani, mume wangu alikuwa ananitazama.

"Ulifanya nini?"

"Nilifunga moja," nikamwambia. "Ya pili nilikatishwa na salamu, nikasahau. Gari lako halina kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Alinyoosha mkono akanifungulia mlango kutoka ndani, akanifunika kwa koti lake, na tukaenda kwa mama. Kesho yake mimi mwenyewe ndiye niliyempigia yule bwana wa Mafinga, nikamwambia asihangaike tena, gari haliuzwi.

Sasa hivi tukifika penye tope, tunashuka wote wawili. Mimi nachuchumaa. Yeye anasimama kando ya njia na goti lake bovu, kofia mkononi, na yeye ndiye anayemwamkia kila apitaye kwa Kihehe chake cha Mbeya, akimuuliza habari za nyumbani, za watoto na za mahindi, moja baada ya nyingine bila kuruka, mpaka anisikie nikisema, "Zote mbili."