Lemba la Kwaya na Injini Iliyokohoa

Kwanza niseme upumbavu wangu: nilikata kipande cha lemba la kwaya la mama ili nichujie petroli. Hapa Tunduma injini yoyote ikikohoa, iwe ya lori au ya bodaboda, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta ya magendo yaliyovushwa mpakani kwa madumu. Hatuchunguzi, tunahukumu.

Ndege yangu ya rimoti, yenye injini ya mashine ya kufyekea nyasi, ilinguruma vizuri ikiwa chini, lakini nikiinua pua tu inazima. Mwalimu wa fizikia alishasema isiporuka Ijumaa, nafasi yetu kwenye maonyesho ya sayansi wanapewa wale wa mradi wa bwawa la samaki. Samaki wenyewe walishakufa.

Nikachuja. Ikazima. Nikachuja tena, kwa heshima zaidi. Ikazima.

“Mwana, labda ndege yako inaogopa kwenda juu,” akasema rafiki yangu aliyekuwa ameshika mkia. Akaushusha mkia pua iinuke, apate kunicheka vizuri, na hapo nikaona: ndani ya chupa niliyoifanya tenki, petroli ilikimbilia nyuma, mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini ukabaki mbele unanyonya hewa. Mafuta yalikuwa safi kuliko sisi. Nikafunga nati kwenye ncha ya mpira iwe nzito, ili uyafuate mafuta popote yanapolala. Ikaruka, ikapita juu ya mahindi ya jirani na kurudi.

Mama alikuwa mlangoni, kashika lemba, ananichungulia kupitia tundu.

“Nimeiona ikiruka, baba,” akasema. “Jumapili utalivaa wewe, na tundu likae mbele.”