Kichwa Kilichonyolewa Nusu

Kila Januari, Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, nilikuwa nawanyoa wanangu wawili uani. Mkubwa wa kike, mdogo wa kiume. Shule yetu ya kata haitaki nywele, msichana na mvulana sawasawa, na kinyozi wa nini wakati mimi nina mikono? Ndoo ya maji, kipande cha sabuni ya mche, kila mmoja na wembe wake mpya, basi. Walikuwa wanagombania nani aanze, kwa sababu anayeanza anapata maji safi.

Mwaka ninaousema hapa hawakugombania. Binti alikuwa amekaa nje ya shule mwaka mzima na zaidi. Alipata ujauzito akiwa kidato cha pili, nikampeleka kwa mama yangu Lipingo, chini huko ziwani nilikozaliwa, akajifungulia huko. Sasa mtoto anatembea, ameacha kunyonya, na serikali imesharuhusu wasichana kama yeye warudi darasani. Mkuu wa shule alinieleza vizuri: aje na jembe na fagio kama wengine, awe amenyoa, aripoti siku ya kwanza. Kwenye kamati ya shule wapo waliokuwa wanapinga. Asipoonekana siku hiyo, alisema, watapata cha kusema, na yeye hatakuwa na la kuwajibu. Kwa hiyo kwangu mimi siku ilikuwa moja tu.

Binti akapanda huku milimani kupitia Mbamba Bay, mtoto mgongoni, kichwa kimesukwa na bibi yake mistari mizuri ya kulala. Akakuta mdogo wake naye kafika kidato cha pili. Shule yetu ina mkondo mmoja. Maana yake watakaa chumba kimoja, labda na dawati moja.

Hasira yangu ilianzia kwa huyo mdogo. Alinifuata shambani nikipalilia mahindi, akasimama ukingoni mwa ngolo, yale mashimo ya shamba tunayochimba huku Umatengo kuzuia maji yasibebe udongo. Akasema, "Mama, mimi siwezi kukaa darasa moja na dada."

"Kwa nini?"

"Wataniita mjomba."

"Si ndivyo ulivyo?"

Akanuna. Nikamwambia kwamba mtoto wa dada yake anamfuata uani kutwa nzima akimnyooshea mikono abebwe, na kama anaona aibu kuitwa mjomba basi akatafute ukoo mwingine. Akashika njia ya nyumbani. Nilipalilia mstari uliobaki kwa nguvu hadi nikakata mche wa mahindi, nikazidi kukasirika.

Jumapili ile tukarudi kutoka misa. Mume wangu akakaa kwenye gogo kunoa jembe la shule. Nikamnyoa kijana kwanza, kimyakimya, kisha nikamwita dada yake. Alikuwa ameshafumua nywele. Alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, nikaanza upande wa kulia. Nilikuwa nimefika katikati wakati wifi yangu alipoingia uani, bado amevaa kitenge cha akina mama wa kanisani.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, shangazi wa watoto. Akisema jambo kwenye ukoo ule, limesemwa. Alisimama, akatazama nywele zilizoanguka chini, akauliza, "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, wifi. Kesho shule."

"Huyu ana mtoto. Tangu lini mwenye mtoto akanyolewa kipara hajafiwa? Unamwitia kifo mjukuu wangu?" Akaongeza, kana kwamba hilo halikutosha, "Au huko kwenu ziwani hamna miiko, mna usipa tu."

Nimetaniwa kuhusu usipa, vidagaa vyetu vya ziwani, tangu nilipoolewa, na nimewatania na wao watu wa milimani kuhusu baridi yao na kuogopa maji. Lakini utani una sura yake, na uso wa wifi siku ile haukuwa wa utani. Ni kweli, kwa wakwe zangu nilikuta hivyo: mama wa mtoto hanyoi kichwa chote isipokuwa kuna msiba, na msiba wa karibu. Binti yangu alilijua hilo. Aliinuka kwenye kigoda, akajifunga khanga kichwani juu ya ile nusu yenye nywele na ile nusu yenye povu, akamchukua mtoto wake, akaingia jikoni.

Nikamtazama mume wangu. Akaangalia ncha ya jembe. "Dada amesema neno la mila," akasema.

Jamani, nilikasirika. Nimewahi kukasirika maishani, lakini si kama siku ile. Mila ilikuwa wapi mwanangu alipotapika asubuhi na kila mtu akajua kabla yangu? Wifi huyuhuyu ndiye aliyesema, mbele ya wageni, "Mtoto akililia wembe, mpe." Akakunja mikono, akanywa chai yangu. Na baba wa yule mtoto yupo, anaendesha bodaboda yake barabara ya Mbinga kwenda na kurudi, nywele amechonga kama mcheza mpira, na sijasikia ukoo wowote ukikaa kuzijadili nywele zake.

"Wifi," nikamwambia, "kunyoa ni kwa aliyefiwa?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi mimi nimefiwa. Siku mwanangu aliporudishwa nyumbani na madaftari yake, mimi nilifiwa. Mwaka mzima nikapita kwenye njia zenu, hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Wewe hukuniambia. Leo nataka kunyoa matanga yangu yaishe."

Nikakaa kwenye kigoda kile. Nikafungua kitambaa changu cha kanisani. "Njoo," nikamwambia mwanangu wa kiume. "Chukua wembe. Ninyoe."

Akamtazama baba yake.

"Usimtazame baba yako. Hana wembe, ana jembe."

Akaja. Akanikata kidogo nyuma ya sikio, akasema "samahani mama" kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu akiwa mdogo. Nikainamisha kichwa zaidi, sikutaka kulia mbele ya wifi. Wifi alikuwa bado amesimama.

Hapo ndipo jirani yetu wa kuelekea kisimani alipopita. Akaona kichwa changu, akatua ndoo, akaja mbio huku ameshika mdomo. "Pole, mama. Pole sana. Nani tena?"

Nikanyamaza kwa makusudi. Nilitaka wifi ajibu yeye.

"Hakuna," wifi akasema. "Hakuna mtu. Anajinyoa tu."

Jirani hakumwamini, na nani angemwamini? Mwanamke wa makamo ananyolewa kipara na mwanawe, shangazi mkuu amesimama pembeni amekunja uso, mume ameinama. Akaondoka amejishika kichwa. Haukupita muda akarudi na mzigo wa kuni, kama tunavyofanya penye msiba, akautua mlangoni pa jiko, akaingia ndani kumpa pole binti yangu. Nikasikia kicheko jikoni. Binti yangu alikuwa anacheka. Tangu apande kutoka ziwani nilikuwa sijamsikia.

Wifi akaondoka bila kuaga. Alipita kwenye shamba la kahawa akikwepa matawi, kitenge chake kikanaswa, akakinasua kwa hasira. Na mimi hasira yangu sikuiacha, nilimsindikiza nayo kwa macho hadi alipopotea.

Binti akatoka, mtoto kiunoni. Akanikabidhi mtoto. Akafungua khanga, akasukuma ndoo kwa mguu isogee, akakaa kwenye kigoda na kile kichwa chake cha nusu. "Malizia," akamwambia mdogo wake.

Kijana akabadilisha maji kwanza. Alikwenda akachota mengine, safi, akarudi, akamalizia. Hakumkata hata mara moja. Zile kuni tukazipikia ugali, na jirani nikamweleza, akacheka akasema hazichukui tena.

Kesho yake tukatoka watatu, na mtoto mgongoni kwangu. Njia nzima watu walinipa pole. Mwanzoni nilikuwa naeleza, mwishoni nikawa naitikia tu, "Tumeshapoa." Kijana alikuwa mbele, mbali, jembe begani, kama vile hatujui. Nikasema moyoni: sawa, nenda, nitashughulika na wewe jioni.

Uwanja wa shule ulikuwa umeota nyasi za likizo nzima, wanafunzi wameshaanza kufyeka. Mwalimu wa zamu akamtazama binti yangu, akatazama kichwa, akamwonyesha kwa kidole upande wa kidato cha pili. Ndivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, maneno yote yakabaki mdomoni.

Binti akaanza kuuvuka uwanja peke yake. Wavulana waliokuwa chini ya bendera wakamwona, wakageuka kwa mdogo wake. Mmoja akaita kwa kuvuta, "Mjombaaa."

Wakacheka. Binti akasimama katikati ya nyasi, fagio mkononi. Nilijua akigeuka kuja kwangu hatarudi tena pale.

Kijana akashusha jembe begani. Akawasogelea, kipara chake kinang'aa kama cha dada yake, kama changu. "Mjomba wenu anasalimiwaje?" akauliza. "Semeni shikamoo."

Akasimika jembe chini, akaegemea mpini.

"Nasubiri," akasema.

Sijui kama walisema. Nilimwona dada yake akitembea tena, akafika, akasimama karibu naye, wakaanza kulima nyasi. Mimi nikafunga khanga vizuri mgongoni, nikarudi kwa njia inayopita nyumbani kwa wifi, kichwa wazi.