Transfoma yenye mwenyewe

Saa nne asubuhi. Jua limefika kwenye kona ya meza, na mwanamke wa miaka hamsini na minane anapitisha nyaya mbili za shaba kwenye tundu la bangili nene ya chuma. Anazivuta, anazilaza sambamba, anazipitisha tena. Midomo yake inacheza bila sauti. Mlangoni mteja anapiga hodi kwa mara ya tatu, na Mama Kimya, kama mtaa mzima unavyomwita, anainua kidole bila kugeuka.

"Mia moja sabini na mbili," anasema hatimaye.

Mumewe, fundi cherehani anayeshona upande wa pili wa chumba hichohicho, anasimamisha mguu, anachukua chaki ya nguo na kuandika 172 pembeni mwa meza. Hapo ndipo mteja anakaribishwa. Ndoa yao ina miaka thelathini na mmoja, na mume anadai nusu yake ameimaliza akitunza namba za mkewe.

Mama Kimya anasuka transfoma za wapenzi wa muziki. Ni watu walionunua amplifaya na spika nzuri, wakajikalia kitini, wakagundua nyuma ya wimbo kuna mvumo mdogo usiokwisha. Umeme wa nyumbani, anaeleza, huja kwa nyaya mbili, lakini mmoja ndio uliobeba nguvu zote na mwenzake umelala tu. Yeye huugawa: nusu huku, nusu kule, na katikati yake anaiunganisha na ardhi.

"Ni kama watu wawili wanaobeba ndoo kwa mti mabegani," anasema. "Wakilingana, maji hayamwagiki. Kelele ya huyu inafutwa na ya mwenzake."

Ndiyo maana anazisuka nyaya mbili kwa pamoja, mizunguko mia mbili na arobaini kila mmoja. Ukizidi mmoja tu upande huu, mizani imeharibika. Kwa hiyo akihesabu haongei, hata na mumewe, hata nyumba ikiungua.

Zamani alisuka mota za feni na pampu kwenye karakana ya kaka yake. Transfoma ya kwanza ya muziki aliagizwa na mwalimu mmoja mstaafu. Aliisuka vizuri, akakosea kitu kimoja: mwanzo wa waya wa kwanza aliuunganisha na mwanzo wa waya wa pili, badala ya mwisho wake. Nusu mbili zikapingana, zikamalizana. Mwalimu aliwasha, akasubiri, akageuka kwa adabu zote.

"Kelele umeiondoa kweli, binti yangu," alimwambia. "Na muziki nao umekwenda nayo."

Tangu siku hiyo mumewe humfungia uzi mwekundu kwenye waya mmoja na mweupe kwenye mwingine, kila ncha, asichanganye tena. Amekwisha kusuka arobaini na moja. Moja humchukua siku tisa, na bei yake hulipa kodi ya miezi miwili.

Lakini sikio lake la kushoto lilifunga miaka sita iliyopita, na la kulia linalifuata. Daktari amemwambia asilitegemee baada ya mwaka ujao. Siku hizi akitaka kujua kama transfoma inavuma, anaweka ncha ya mwiko wa mbao juu yake, anauma ncha nyingine, anafumba macho. Meno, anasema, bado hayajazeeka.

Ukimya wenyewe aliujua utotoni. Umeme ulipokatika mchana, feni ilizunguka taratibu ikasimama, friji ikatulia, redio ya jirani ikakata. Ukimya uliingia chumbani kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Yeye alikuwa amelala sakafuni, akasikia pumzi za mama yake aliyekuwa chumba cha pili. Bado anaota mchana ule.

Na hajawahi kukaa mbele ya kazi yake mwenyewe akausikia. Mganga hajigangi. Mara tatu amejisukia ya kwake, na mara tatu akaja mtu mwenye shida nzito kuliko yake: muuguzi mstaafu, mwalimu asiyeona, kijana aliyerithi santuri za baba yake. Aliwaonea huruma, akawauzia.

Hii iliyo mezani ni ya nne. Mteja wa leo, bwana mwenye shati lililonyooshwa, ameiona na hataki kungoja siku tisa. Jumapili ana wageni. Anataja bei, halafu anataja mara mbili yake.

Mama Kimya anaitazama bangili iliyovikwa shaba, anamtazama mgeni, na kwa muda inaonekana kama huruma itashinda tena.

"Samahani, kaka yangu. Hii ina mwenyewe."

"Nani? Niongee naye."

"Mimi."

Mume anainuka, anafungua droo, anatoa mfuko wa kitambaa cha bluu alioushona kwa kipimo cha transfoma. Mbele ametarizi neno moja kwa uzi mwekundu: HAIUZWI. Aliuficha kwa mwezi mzima, akisubiri kuona mkewe atajibu nini. Mama Kimya anacheka mpaka anafuta machozi, na si ya kicheko yote. Mteja naye anacheka, anaandikisha jina lake kwa ajili ya itakayofuata.

Amplifaya na spika wamezikusanya kidogo kidogo, zipo chini ya kitanda. Santuri wanayo moja, waliyoinunua wiki ya harusi wakati hawana hata cha kuichezea. Jumamosi ijayo wataiweka. Wimbo wenyewe Mama Kimya anaujua kwa moyo. Anachokitaka ni ule ukimya wa pale mwanzoni, kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

"Watu arobaini na mmoja nimewauzia kitu nisichokijua," anasema. "Nataka nikisikie mara moja. Sikio likija kufunga, litafungia na hicho ndani."

Anavuta kiti, anasoma chaki pembeni mwa meza, anainua kidole. Mumewe anatoa mguu kwenye cherehani na kukaa kimya.

Mia moja sabini na tatu.