Mashahidi Kumi na Mmoja kwa Injini Moja

Habari hii siipendi, na kama mke wangu asingeianza juzi mbele ya wageni na kuipotosha (alisema mashahidi walikuwa ishirini, walikuwa kumi na mmoja, niliwahesabu mwenyewe wakiteremka kwenye basi dogo la kanisa), ningeinyamazia mpaka naingia kaburini. Donc, yaani kwa hiyo, bora muisikie kwangu mimi niliyejiaibisha.

Mimi kule kwetu Uvira nilikuwa fundi magari, watu wakinijua. Hapa Buffalo nikawa mtu wa kufunga maboksi kiwandani Tonawanda, saa kumi kwa siku, na ukiwaambia wale wa kiwandani kwamba wewe ni fundi wanatabasamu halafu wanakuongezea maboksi. Basi mwaka 2015 nikajiingiza kichwani kwamba nitaunda gari yangu mwenyewe, zile zinazouzwa vipande vipande, unanunua bodi, unatafuta chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, na injini, unaunganisha nyumbani. Mdogo wangu Furaha alikuwa amechumbiwa Louisville, na mimi kaka mtu, kwenye kikao cha harusi, bila kuulizwa na mtu, nikasimama nikasema bibi harusi ataingia kanisani ndani ya gari iliyoundwa na mikono ya kaka yake, na pembeni yake atakaa Mjomba Sadoki. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, nami nikakaa chini nimevimba.

Mjomba Sadoki ni kaka wa mama yetu. Baba alipokufa ndiye aliyetulea, ndiye aliyetushika mkono kutoka milimani mpaka kambi ya wakimbizi, Furaha akiwa mgongoni kwake. Sasa anaishi Louisville, mtaa wa Iroquois, na kanisani kule hakuna kikao kinachofungwa kabla hajasema neno. Nilikuwa sijawahi kumpa kitu cha maana. Ile gari ilikuwa shukrani yangu, mbele ya watu wote, na nadhani hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Chesisi niliipata Columbus kwa mzee mmoja mzungu aliyekuwa anasafisha gereji yake, na yule kwa sababu ni mgeni kwangu nilimdai karatasi ya kuuziana palepale, akaandika, akatia sahihi, nikaikunja vizuri. Nikaendelea mpaka Louisville. Nyuma ya nyumba ya Mjomba kulikuwa na gari yake iliyogongwa mgongoni ikakunjika, lakini mbele nzima, injini nzuri kabisa. Bima ilikuwa imeshampa hela ya kununua nyingine. Mjomba akasema, "Bon, hii imekufa. Chukua moteri, mwanangu, iende ikaishi kwako." Tukashinda Jumamosi nzima tunaitoa, tukaipakia, na nilipokuwa nafunga kamba ikanijia kumwomba aniandikie karatasi kama yule wa Columbus. Nikamtazama. Mtu aliyenibeba nimwambie niandikie? Angeniuliza kama nimeanza kuwa mzungu. Nikafunga kamba, nikamkumbatia, nikaondoka.

Ndiyo hiyo tu. Uamuzi mdogo, wa dakika moja.

Miezi minane baadaye gari ilikamilika (nyekundu, viti vinne, paa la turubai, ikiunguruma majirani wa West Side wanatoka barazani), nikaipeleka juu ya trela kwa ukaguzi, maana gari ya kujiundia haipewi namba mpaka uoneshe kila kipande kikubwa kilikotoka. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole sana, na upole wake ndio unaniuma mpaka leo. Akatazama karatasi ya chesisi, akaridhika. Injini je? Nikasema nimepewa na mjomba. Akasema sawa, gari ibaki hapa, lete karatasi ya mjomba.

Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Nikampigia Mjomba, akasema, "Wanataka kujua kama sikukupa? Nitakuja mwenyewe. Mtu akiwa hai hasemewi na karatasi." Mwenye akili angemjibu hapana Mjomba, tia sahihi tu uitume kwa posta. Lakini mimi nikaona ana haki kabisa, kwa sababu kwetu mali ikiingia mashaka unaita watu, wanasimama, wanasema tulikuwepo, mambo yanaisha. Nikamwambia na mchungaji wetu wa hapa Buffalo. Mchungaji akawaambia wamama wa kwaya. Ndiyo maana Alhamisi ile, mkaguzi alipofungua mlango, alikuta watu kumi na mmoja wamevaa vitenge vya sare na suti, hata mmoja wao hakuwahi kuiona ile injini ikitolewa, isipokuwa Mjomba, aliyesafiri na basi kutoka Louisville akiwa na tai.

Mkaguzi akauliza kama kuna msiba.

Nikamweleza kwamba hawa ni mashahidi, akacheka kidogo, akasema basi tumsikilize mzee, na kwa kuwa Mjomba kizungu chake ni cha salamu, mkalimani nikawa mimi. Mjomba akasimama wima, akaeleza vizuri, kwa kirefu, jinsi gari yake ilivyogongwa na alivyompa mtoto wake moteri kwa moyo mweupe. Nikatafsiri. Mkaguzi akaandika, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama bima ilimlipa ile gari. Jamani, swali lile nililielewa kabla sijalitafsiri. Ningeweza kuuliza kitu kingine, Mjomba angejibu kitu kingine, lakini mchungaji alikuwa amekaa nyuma yangu na kizungu anakijua kuliko mimi. Nikauliza.

"Walinilipa vizuri," Mjomba akasema, akigeuka kuwatazama wamama wa kwaya. "Yote. Mungu awabariki."

Wamama wakaitika amina.

Nikatafsiri. Mkaguzi akaweka kalamu chini, akaeleza kwamba bima ikishalipa gari yote, hata ile iliyokunjika ni yake, na injini iliyomo ni yake, kwa hiyo haikuwa ya mzee kumpa mtu, na atalazimika kuizuia gari hapo mpaka kampuni ijibu. Alisema anajua mzee hakukusudia, alirudia mara mbili. Halafu akanitazama mimi, akisubiri nimwambie Mjomba. Nilimwambia. Nilijaribu kulifanya dogo, nikasema kuna tatizo la taratibu, lakini Mjomba si mtoto, akaniuliza mbele ya wote, "Anasema nimeiba?"

Nikasema hapana, Mjomba. Lakini nilichelewa kusema, na kila mtu aliona nimechelewa.

Alivua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni, akatoka kwenda kukaa ndani ya basi. Kwaya ikamfuata bila kuniangalia. Gari yangu nyekundu nikaiacha pale, na baadaye injini ikachukuliwa, bodi ikarudi nyumbani na shimo mbele, imefunikwa nailoni uani, watoto wa jirani wanachezea usukani.

Furaha aliingia kanisani na gari ya kukodi, nyeupe, ya kawaida. Siku tatu nzima alikuwa analia kwenye simu, si kwa ajili ya gari, alilia kwa sababu Mjomba alisema hatamsindikiza, asije akaharibu harusi ya watu. Akaja lakini. Akamshika mkono, akamfikisha, hakunisalimia.

Wakati wa zawadi Mjomba alipita mbele na sufuria kubwa mpya ndani ya boksi, na juu ya boksi alikuwa amebandika risiti ya dukani kwa gundi, pembe zote nne. Akashika maikrofoni, akamwambia Furaha bila kucheka, "Mwanangu, hii ni yako, na karatasi yake ni hii. Wakikuuliza, uwaoneshe."

Wageni wa upande wa bwana harusi walicheka, walidhani ni utani. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Siku ile uani Iroquois ningemwomba sahihi, tuko wawili tu, angeninunia robo saa, au tungetafuta karatasi za gari tukakuta ziko kwa bima, tukacheka, tukala, nikarudi Buffalo bila injini. Nilimwonea haya kwa dakika moja, nikaja kumvunjia heshima mbele ya kanisa zima. Sasa naomba karatasi kwa kila mtu, hata kwa mke wangu, na sitaita tena watu wasimame kunishuhudia kitu. Mjomba simu zangu anapokea. Anauliza watoto hawajambo, anasema asante, anakata.