Mgawa barua anayepiga picha mapango ya mvinyo kabla hayajazibwa

Saa tatu asubuhi, Walpurga Stöger anashuka ngazi za udongo za pango la mvinyo huku ameshika mshumaa uliowashwa. Haushiki usawa wa uso, anaushika chini, karibu na magoti. Kila baada ya ngazi tano anasimama na kuutazama mwali. Ukiwa umesimama wima, anaendelea. Ukianza kufifia, anageuka na kupanda juu bila kujadiliana na mtu.

Ni Novemba, mvinyo mpya bado unachacha kwenye mapipa, na gesi yake haina rangi wala harufu. Hutuama chini kama maji, na huzima mshumaa kabla ya kumuua mtu.

“Burgi, ukifia humo barua zangu ataleta nani?” mwenye pango anamuuliza kutoka mlangoni.

“Hakuna anayekuandikia,” anajibiwa kutoka chini.

Kila mtu hapa Kleinrabesdorf anamwita Burgi. Ana miaka sitini na moja, na kwa miaka thelathini na miwili amekuwa akigawa barua katika vijiji vitano vya upande huu wa Weinviertel, eneo la mvinyo kaskazini mwa Austria. Siku hizi anafanya kazi siku tatu kwa wiki. Siku zinazobaki huzitumia chini ya ardhi, akiwa na kamera ya mbao ya marehemu baba yake, aliyekuwa mpiga picha za pasipoti mjini.

Leo anaifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, anaizima taa, anafungua lenzi. Kisha anaanza kutembea gizani na taa ndogo ya mkononi, akiimulika kuta taratibu, kipande kwa kipande, kama mtu anayepaka chokaa. Amevaa nguo nyeusi tupu. Picha moja inachukua dakika kumi na nne, na kwa kuwa yeye hatulii mahali pamoja, filamu haimwoni kabisa.

Kwa nini picha nyeusi na nyeupe? Burgi anasema alijaribu rangi mara mbili akaacha. “Rangi inadanganya humu. Ukiwasha taa, ukuta, pipa, ukungu, vyote vinakuwa manjano kama supu. Nikiiondoa rangi, naona mahali jembe lilipopita. Naona kama aliyechimba alikuwa anatumia mkono wa kushoto.”

Mapango haya yalichimbwa kwa mkono na wakulima, mengine zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Burgi ameshapiga picha mapango mia moja na themanini na saba. Hakuanza kwa mapenzi ya sanaa.

Juni mwaka 2009 mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na paa la pango la mume wake Erwin likaporomoka. Barabara iliyokuwa juu yake ikatitia. Halmashauri ya kijiji ikaleta malori ya zege, na kufikia jioni pango la ukoo likawa limejazwa hadi mlangoni.

Wiki ile Erwin aliomba jambo moja tu, picha ya pango lake. Walifungua albamu zote. Wakakuta harusi, ubatizo, matrekta, hata mbuzi wa jirani. Pango, ambamo Erwin alianza kufanya kazi akiwa na miaka saba, halikuwemo.

“Nani anapiga picha mahali anapotokwa na jasho?” anauliza Burgi. “Erwin alikaa mezani na zile albamu. Kesho yake nikapanda darini kuitafuta kamera ya baba.”

Alijifunza upya kusafisha picha kwenye chumba cha kufulia. Karatasi moja ya filamu humgharimu karibu euro saba, kwa hiyo hapigi mbili pale inapotosha moja. Wenye mapango hawalipi chochote. Kila mmoja hupewa nakala yake.

Kwa sababu anagawa barua, anajua kila ufunguo uko kwa nani. Milango mingi ilifunguka kwa urahisi. Mmoja ulikataa kwa miaka kumi na moja.

Ulikuwa mlango wa mzee Ignaz Pfandler, mwenye miaka sabini na minane. Burgi alipomgusia pango lake, mzee alipokea barua, akashukuru, akafunga mlango. Mwaka uliofuata alimgusia tena, ikawa vilevile. Kijiji kizima kilijua sababu, ila hakuna aliyeisema mbele yake.

Oktoba 1984, Ignaz na mdogo wake Alois walikuwa wamejaza mapipa katika pango walilorithi kwa baba yao. Alois alishuka kuyakagua bila mshumaa. Ignaz alikuwa juu, kwenye nyumba ya kukamulia zabibu. Aliita, hakuitikiwa. Wazima moto walimtoa Alois baada ya dakika arobaini, akiwa ameshakufa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Siku ya mazishi, mjane wake, Hermine, alimsimamisha Ignaz kwenye lango la makaburi na kumuuliza swali moja: “Ulimwachaje?” Ignaz akampita, akaenda zake. Tangu hapo shemeji hao wawili, ambao nyumba zao zimetengana kwa kilomita sita tu, hawakusemezana. Ignaz akatia kufuli mlango wa pango.

Mwaka huu, mwezi Februari, halmashauri ilitangaza kwamba mapango manne yaliyo chini ya barabara ya juu yatazibwa, kwa sababu lami imeanza kupasuka. La Pfandler lilikuwa mojawapo. Wiki mbili baadaye Burgi alimkuta mzee amesimama kando ya sanduku la barua, amevaa koti na kofia.

“Alhamisi una nafasi?” akamuuliza.

Alhamisi ile walishuka pamoja, mshumaa mbele. Burgi alidhani mzee angetaka kupigwa picha kando ya mapipa, kama wengine. Ignaz alikwenda hadi chini kabisa, akageuka, akapanda ngazi nne, akaketi hapo.

“Nipige hapa,” alisema.

Burgi alifungua lenzi na kuanza kuzunguka na taa yake. Ilikuwa kama dakika ya tatu, anakumbuka, mzee alipoanza kuongea. Hakuongea naye. Aliongea na ukuta.

Alisema alimkuta Alois amelala kifudifudi. Alimshika kwapani, akamvuta kinyumenyume, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hapo magoti yakamwishia nguvu na kichwa kikaanza kuzunguka. Alijua akikaa wataokotwa wawili. “Nikafungua mikono,” alisema. Akatambaa peke yake hadi juu.

“Nilitaka kumwambia atulie, picha itaharibika,” anasema Burgi. “Nikajiambia, acha iharibike.”

Haikuharibika. Uso wa mzee umetoka kama moshi kwa sababu alikuwa anaongea. Ila mikono yake, iliyotulia juu ya magoti dakika zote kumi na nne, inaonekana hadi mishipa. Nyuma yake ngazi zinapanda zikiwa zimebanwa na kuta mbili.

Ignaz aliomba nakala mbili. Moja aliiweka. Ya pili alimrudishia Burgi akisema inakokwenda ni kwenye njia yake ya kazi. Burgi alielewa. Alimwambia kwamba akiwa kazini habebi kitu kisicho na stempu. Mzee akaingia ndani, akatafuta bahasha, akabandika stempu, akaandika jina la Hermine Pfandler kwa herufi kubwa. Ndani hakutia hata mstari mmoja wa maandishi.

Hermine, ambaye sasa ana miaka sitini na saba, aliifungua bahasha akiwa amesimama mlangoni, Burgi mbele yake. Maisha yake yote hakuwahi kuingia katika pango lile. Aliitazama picha.

“Ngazi ziko ngapi?” aliuliza.

“Thelathini na moja.”

“Na upana?”

Burgi alipanua viwiko vyake kumwonyesha. Viwiko viwili, ukuta na ukuta.

“Alois alikuwa na kilo tisini na nane,” alisema Hermine. Kisha akafunga mlango.

Burgi anakiri kwamba aliendesha gari hadi kijiji kinachofuata akijilaumu. Aliona ametonesha kidonda cha watu bila kuombwa na mwenye kidonda.

Malori ya zege yalikuja mwishoni mwa Aprili. Watu wachache walikusanyika barabarani, Ignaz akiwa amesimama pembeni peke yake. Bomba lilipoanza kumwaga, Hermine alifika kwa baiskeli. Aliiegemeza ukutani, akaenda kusimama karibu na mzee. Walitazama pamoja mpaka pango likajaa. Burgi alikuwa hatua tatu nyuma yao na anasema alisikia vizuri.

“Shemeji, umekula?” Hermine aliuliza.

Ignaz alisema bado. Wakaondoka kwa miguu kuelekea kwa Hermine, mzee akiisukuma baiskeli.

Swali la makaburini halikurudiwa, anasema Ignaz alipoulizwa na mwandishi wa makala hii. Hermine hakutaka kuzungumza nasi, ila alituandalia mvinyo na mkate wenye mafuta ya nguruwe, akatuambia picha iko chumbani kwake na itabaki hukohuko.

Katika vijiji vyake vitano, Burgi anahesabu mapango sitini na matatu ambayo hajayafikia. Kwa mwendo wake wa sasa wa tisa kwa mwaka, atamaliza akiwa na miaka sitini na minane, goti la kulia likikubali. Anatamani picha zote zitundikwe katika nyumba moja ya kukamulia iliyoachwa, mlango ukae wazi kila Jumapili. Mwenyekiti wa halmashauri amesema atalifikiria. Burgi anasema amempelekea barua za kutosha kujua maana ya neno hilo, lakini ataendelea kumuuliza.

Kabla ya hapo kuna kazi ya wiki ijayo. Hermine ana pango dogo alilorithi kwa wazazi wake, na ameomba lipigwe picha, yeye na Ignaz wakiwa wameketi ndani. Burgi amekwenda kwao mara mbili kuwaeleza kwamba lenzi ikishafunguliwa hairuhusiwi kuongea. Mara zote mbili alishindwa kumaliza maelezo, kwa sababu walikuwa wanabishana kuhusu nani aketi upande gani.

“Wamekaa kimya miaka arobaini,” anasema, akifunga kamera yake. “Sasa mimi nawaomba dakika kumi na nne tu, siwapati.”