Njia ya Baiskeli na Matuta ya Mjane

Wakati wa Mwingereza, kabla sijazoea kuhama mji kila baada ya mwaka, nilikuwa karani wa mzungu mmoja mpima ardhi. Serikali ilitaka njia ya baiskeli kutoka Sumbawanga hadi Kipili, wachuuzi wa dagaa waache kusukuma baiskeli zao juu ya mawe. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wenye mashamba kama njia ingeweza kupita kwao. Aliyekubali aliweka dole gumba kwenye karatasi.

Ufipa wakati wa kiangazi ni upepo na nyasi kavu mpaka macho yachoke. Hata leo napatamani. Katika kijiji kimoja nilikuta matuta makubwa ya mviringo, hayana mmea hata mmoja. Mimi nilikulia Tabora. Kwangu tuta tupu lilikuwa shamba lililoachwa. Nikaandika hivyo, sikumwuliza mtu. Mzungu akapigilia vigingi katikati.

Asubuhi yake tulimkuta mama mmoja ameketi juu ya tuta, kigingi mapajani, majirani wamemzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye karani? Umesoma?"

"Kidogo, mama."

"Na huko shuleni hawakukufundisha kuuliza?"

Shemeji yake, aliyepakana naye shamba, akadakia: "Alidhani ni makaburi!" Watu wakacheka.

Mama hakucheka. Alipiga jembe, tuta likafunguka. Ndani nyasi zilikuwa zimeoza, udongo mweusi, una unyevu bado. Nyasi zile alizifukia peke yake, mwaka wa kwanza tangu afiwe na mume. Juu alipanda maharage, akayavuna. Mvua zikianza angebomoa matuta, autandaze udongo na kupanda ulezi.

"Mkipitisha baiskeli hapa, wanangu watakula nini? Vumbi?"

Mzungu akaniuliza mama anasema nini. Ningeweza kumwambia ameridhika, naye angeniamini. Makarani aliowafukuza kwa makosa madogo kuliko langu niliwajua. Nikasema shamba lile linalimwa, na mwenyewe sikumwuliza. Akafuta mstari kwenye ramani. Njia ingezunguka mpakani, kama shemeji angekubali.

Kicheko cha shemeji kikakatika.

"Sasa makaburi unaniletea mimi!"

"Hatua tatu tu, shemeji. Mdomo wako ungekuwa shamba, njia ingepita humo humo hadi Kipili."

Akashindwa kujizuia, akacheka mwenyewe. Alihesabu hatua tatu kuingia shambani kwake, fupi fupi kama za kuku. Mama akamwambia aanze upya, atembee kama mwanamume. Akaanza upya.

Shemeji alipoweka dole gumba, mama alinizuia nisikunje karatasi. Alitaka niisome kwa Kiswahili, kwa sauti, majirani wasikie. Nikasoma. Nilipofika panapotaja mpaka akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.