Mama Saadi na maikrowevu ya swichi mbili

Saa tisa na nusu alasiri, lori la tatu la korosho limekwisha kushushwa, na wapagazi kumi na wanane wanatoka ghalani mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi la magunia mabegani. Tangu chai ya asubuhi hawajatia kitu tumboni. Wanavuka barabara hadi kwenye kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya kijani, wananawa mikono kwenye ndoo yenye koki, wanakaa.

Ndani, Sikudhani Mikidadi anachota wali ulioiva tangu saa tano. Anautia kwenye bakuli la kioo, anaunyunyizia maji kwa ncha za vidole kama anayelainisha nguo kabla ya kuipiga pasi, anaufunika kwa sahani ya udongo. Anafungua mlango wa maikrowevu nyeupe, anasukuma bakuli ndani, anazungusha swichi ya chini hadi kwenye tatu.

Mashine inaunguruma, kisha inalia kengele moja tu. Mvuke unatoka.

"Mama Saadi, huu wali umeupika sasa hivi?" anauliza Gaudens, mpagazi aliyekuja kutafuta kazi ya msimu kutoka upande wa Masasi.

"Nimeupika mwaka jana, nikakungojea wewe mtani wangu."

"Mbona wa moto?"

"Wamakua nyie! Mtu anapewa chakula cha moto, yeye anauliza moto umetokea wapi. Kula wewe!"

Benchi zima linacheka, na mikono inazama kwenye sinia.

Mjini Nachingwea wengi hawalijui jina la Sikudhani. Wanamjua kama Mama Saadi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ana miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Naipingo, darasa la saba. Huu ni mwaka wake wa tisa kupika mbele ya ghala hili: wali, ugali, mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, samaki wakavu, na siku za baraka, nyama. Sahani ni shilingi elfu mbili.

Tatizo lake halikuwa mapishi. Tatizo lilikuwa korosho zenyewe, maana korosho hazina saa ya kula. Lori likikwama njiani, chakula cha saa saba kinaliwa saa kumi. Kila kundi likiingia, yeye anapuliza mkaa upya. Wali unashika chini, mbaazi zinakauka, moshi unajaa machoni.

"Wali ukiupasha kwenye sufuria mara ya kwanza, mzuri. Mara ya pili, haya, unavumilika. Mara ya tatu mpe kuku," anasema.

Msimu uliopita wapagazi walianza kumkimbia, wakawa wanakwenda kula chipsi stendi. Mwezi wa nane mwaka huu Isihaka, msimamizi wao, ambaye ndiye anayeagiza chakula cha kundi zima, alimfuata akamwambia pale pale penye jiko.

"Mama, mimi sina ugomvi na mkono wako. Ugomvi wangu ni baridi. Msimu ukifunguliwa, watu wangu wakila baridi wiki ya kwanza tu, nahamia kwa mwingine."

Kwa Mama Saadi, kundi hilo ndilo biashara yenyewe. Wateja wengine ni wa kupita.

Alikuwa amevuna ufuta wa ekari mbili kule Nambambo. Alipokwisha kuwalipa vibarua na kutenga ya shule, alibakiwa na shilingi laki moja na themanini elfu. Hakuna nyingine nyuma yake hadi ufuta mwingine.

"Ilikuwa risasi moja," anasema, akikunja kidole kama anayefyatua. "Ukimkosa mnyama, umekosa na kitoweo."

Kwa hiyo hakukimbilia dukani. Alianza kwa Ashura, mwenye hoteli karibu na stendi, ambaye miaka miwili iliyopita alinunua maikrowevu kubwa, nyeusi, yenye vitufe kama simu. Aliikuta juu ya kabati, imejaa mikate.

"Ashura, shoga yangu, hii ndiyo kazi yake?"

Ashura hakumficha. "Vitufe ishirini na mbili, mimi nimekijua kimoja. Halafu umeme ukikatika ukirudi, yenyewe inadai iambiwe saa ngapi. Usipoiambia, haiwaki. Nina wateja wamesimama, nikae naipa mashine habari za saa?"

Mama Saadi alirudi nyumbani na neno hilo. Anayotaka yeye haina haja ya kujua saa. Iwe na swichi ya kuzungusha, iingie bakuli la kushibisha watu wawili, na bei isizidi mfuko wake.

Dukani Nachingwea alionyeshwa kubwa ya kuchomea kuku. "Kuku nachoma kwa mkaa, mwanangu," alimjibu muuzaji. "Mimi naumwa na wali." Akapanda gari hadi Mbekenyera, kwa dada yake Raudha, na kesho yake wawili hao wakaingia Ruangwa mjini.

Mkononi alikuwa na bakuli limefungwa kwenye khanga. Ndani mna ugali wa jana na kisamvu, baridi kama jiwe.

Huko Naipingo alikokulia, hakuna mwanamke anayenunua chungu kwa macho. Anakigonga asikilize mlio, anakitia maji, anangoja kama kinavuja. Mama yake alimfundisha hivyo. Mama Saadi hakuona kwa nini chungu cha shilingi elfu nne kipimwe, na mashine ya laki na zaidi ichukuliwe kwa kuaminiana.

Muuzaji, kijana mchangamfu aitwaye Abdulkarimu, alikuwa na ndogo nyeupe ya lita ishirini, swichi mbili: ya juu ya ukali wa moto, ya chini ya dakika. Bei, laki moja na sabini na tano elfu. Aliichomeka kama wauzaji wote wanavyofanya. Taa ikawaka, kisahani kikazunguka.

"Umeona mama? Nzima hiyo."

"Nimeona taa," akasema Mama Saadi. "Taa ninayo nyumbani."

Abdulkarimu alicheka, akageuka kumhudumia mteja wa pasi. Na hapo ndipo mama huyu alipofanya kosa ambalo leo analisimulia mwenyewe bila kuulizwa. Alifungua khanga yake, akaliingiza bakuli kama lilivyo, akazungusha swichi.

Bakuli lile lilikuwa la bati. Jeupe, ukingo wa bluu, limebanduka rangi mdomoni. Huku kusini ndilo bakuli la kila jambo: linakwenda harusini, linakwenda msibani, linamfuata mgonjwa hospitali. Haikumjia kwamba kuna jiko duniani linaloweza kulikataa.

Cheche za bluu ziliruka. Mlio kama wa mafuta yanayoangukiwa na maji. Raudha alikuwa amekwisha fika barabarani.

"Sikudhani, toka humo! Toka, ndugu yangu, lina shetani!"

Abdulkarimu aliruka meza akachomoa waya. "Mama! Umeua mashine! Bati haliingii humu! Sasa hii ni yako, utailipa yote!"

Watu walijaa mlangoni. Ufuta wote wa mwaka, jembe, palizi, vibarua, Mama Saadi aliuona unaondoka na moshi ule mdogo. Lakini hakupiga kelele. Alimwomba mwanamke anayeuza chai nje ya duka amwazime sahani ya udongo. Akapangusa ndani ya mashine kwa pindo la khanga, akakuta doa jeusi moja, ukubwa wa punje ya kunde. Akahamishia ugali na kisamvu kwenye sahani.

"Chomeka."

"Mama, imekufa hiyo."

"Chomeka, mwanangu. Kama imekufa, nitaizika kwa hela yangu."

Akazungusha hadi kwenye mbili. Mashine ikaunguruma, kisahani kikazunguka, kengele ikalia. Akamega ugali katikati, akauvunja kwa vidole. Moto umefika hadi ndani, ila kingo zimekauka. Hapo hapo akajua kwamba nyumbani atauanza kwa maji kidogo na kuufunika. Akachovya tonge kwenye kisamvu, akala. La pili akampa Abdulkarimu.

"Wa moto?"

"Wa moto, mama."

Kijana, kwa furaha, akashusha boksi jipya kutoka juu. "Basi chukua hii ambayo haijafunguliwa."

"Hiyo siijui tabia," akasema Mama Saadi. "Hii nimeitia balaa mbele ya macho yako, ikavumilia. Nachukua hii. Na bei uteremshe."

"Niteremshe kwa nini tena?"

"Si umesema mwenyewe imekufa? Maiti haiuzwi bei ya mzima."

Waliojaa mlangoni walicheka hadi wengine wakashika ukuta. Ikauzwa laki moja na nusu, na garantii ya miezi sita imeandikwa kwenye risiti, tena akaisoma mwenyewe neno kwa neno kabla ya kutoa hela. Sehemu ya iliyobaki akanunua mabakuli manne ya kioo na sahani za udongo.

Si kwamba mashine imemaliza kila kitu. Wapagazi wanakula wanne wanne kwenye sinia, na sinia haiingii, kwa ukubwa wala kwa bati lake. Kwa hiyo anapasha mabakuli mawili, anamimina, mchuzi ukibaki kwenye mkaa. Ming'oko, ile mizizi ya porini, nayo imeshindikana, inatoka ngumu kama kuni. Na umeme ukikatika, anarudi kwenye jiko lake bila kinyongo.

Lakini ndoo mbili za mkaa kwa siku zimekuwa moja. Uniti moja ya umeme wa LUKU, kwa hesabu yake, inapasha mabakuli kama kumi na matano. Na wali haumwagwi tena.

Siku ya tatu ya msimu, Isihaka alikuja mwenyewe saa kumi, bila kutoa taarifa, akaagiza sahani. Alitumbukiza kidole kwenye wali kabla ya kula, akakitoa haraka.

"Alinyamaza," anasema Mama Saadi. "Isihaka akinyamaza, ujue amesifu."

Alipomaliza kula alimwambia kundi ni lake hadi gunia la mwisho.

Sasa anatazama mbele ya msimu. Mwezi uliopita Amna, binti wa Raudha, alijifungua hospitalini Ruangwa. Raudha alitoka Mbekenyera alfajiri kwa bodaboda, uji wa mwanawe kifuani, ukafika baridi. Mama Saadi alikuwepo, na aliwahesabu akina mama wengine tisa wenye mabakuli ya namna hiyo, hawana pa kuyapasha.

Amekwisha kupatana na mwenye nyumba moja karibu na geti la hospitali: baraza, kivuli, na soketi moja ya umeme. Ataanza Januari, na baraza lile atalikalia Raudha. Maikrowevu ya pili ataichukua kwa Abdulkarimu, nyeupe kama ya kwanza.

"Mzazi anataka uji wa mama yake, hautaki wangu," anasema, huku akilifuta bakuli la kioo na kulitazama kwenye mwanga. "Walete mapishi yao. Sisi tutaleta moto."

Na bei?

"Mia tatu kwa bakuli. Aliyejifungua, siku ya kwanza bure."